Kabla ya Kununua Mashine ya CD ya Zamani

Akina mama wapendwa, wengi wetu bado tunazo CD za kwaya kabatini, lakini mashine ya kuzipigia hatuna. Tukikuta Discman kuukuu kwenye meza ya muuzaji Kariakoo, mkono hukimbilia pochi. Tusiharakishe. Sony ilitoa ya kwanza mwaka 1984, kwa hiyo tunachouziwa leo ni kitu cha miaka mingi.

Twendeni na CD yetu na betri mpya. Tufungue mahali pa betri: tukiona ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, betri zilivujia humo, tuiache. Kisha tusikilize wimbo wa kwanza na wa mwisho. Ikirukaruka hali imetulia mezani, lenzi yake ni chafu au imechoka.

Nyingi hutumia betri ndogo mbili za volti 1.5. Tusichanganye mpya na za zamani. Adapta nayo ilingane na maandishi yaliyo kando ya tundu: volti, pamoja na alama za chanya na hasi. Mashine ya volti 4.5 ikichomekwa adapta ya volti 12, itaungua.

Zaidi ya yote, tuwalinde watoto. Maji ya betri huunguza ngozi na macho. Yakimgusa mtoto, tumwoshe mara moja kwa maji safi mengi. Yakiingia jichoni, tuoshe dakika 20 bila kuacha, kisha tumpeleke hospitali. Betri zilizokwisha tusizitupe katika jiko la mkaa, kwani hulipuka.

Nyimbo za sifa ziingie nyumbani na amani. Mungu awabariki.