Miaka Minane ya Springfield



Serikali ya Kenya ilitangaza tarehe 6 Novemba 2008 kuwa siku ya mapumziko, kwa kuwa mwana wa Mkenya alikuwa amechaguliwa kuwa Rais wa Marekani. Tuliimba, tukacheza. Wachache kati yetu waliuliza mtu huyu alikuwa amefanya kazi gani hapo awali. Kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004, Barack Obama alikuwa mmoja wa maseneta 59 wa jimbo la Illinois, ambao hukutana katika mji wa Springfield. Sisi tunaona kwamba mtunga sheria hupimwa mahali kama hapo, wala si ngomani.

Mlango alioingilia haukuwa wa kujivunia. Mwaka 1996 watu wake walizikagua saini za wadhamini wa wapinzani wake katika kura za mchujo za chama cha Democratic, na wote wanne wakaenguliwa, akiwamo Alice Palmer aliyekuwa akikishikilia kiti hicho. Sheria haikuvunjwa. Hata hivyo wapiga kura waliachiwa jina moja tu, na sisi tunaofahamu maana ya kupita bila kupingwa hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kwa miaka sita chama chake kilikuwa na viti vichache, na miswada mingi ikafia kamatini. Mwaka 2000 alijaribu kumng'oa Bobby Rush katika Baraza la Wawakilishi la taifa, akashindwa kwa kura zaidi ya mbili kwa moja. Akarudi Springfield. Mwaka 2003 chama chake kilipopata wingi, rais wa Seneti, Emil Jones, akamkabidhi miswada mizito, ingawa wapo walionung'unika kwamba wengine ndio walioihangaikia.

Mmoja wapo unastahili kutazamwa kwa makini. Illinois ilikuwa imerudisha adhabu ya kifo mwaka 1977. Kufikia Januari 2000 watu 12 walikuwa wameuawa kwa sindano ya sumu, na wengine 13 waliohukumiwa kufa wakaonekana hawana hatia. Katika Chicago ilithibitika kwamba polisi walikuwa wamewatesa watuhumiwa hadi wakakiri makosa. Muswada ulitaka mahojiano ya polisi katika kesi za mauaji yarekodiwe. Polisi na waendesha mashtaka waliupinga. Obama hakuwatukana, aliketi nao, pamoja na wapinzani wa adhabu ya kifo, wakapitia neno kwa neno. Huenda subira hiyo aliipata mapema, kwani alipofika Chicago mwaka 1985 kuwaunganisha wakazi maskini, ofisi yake ilikuwa katika nyumba ya mapadre ya parokia ya Holy Rosary. Muswada ulipita Seneti bila kura ya kupinga, na Illinois ikawa jimbo la kwanza la Marekani ambalo bunge lake lilitunga sheria ya namna hiyo. Hakuna aliyepewa fulana wala sukari kwa ajili yake. Aliyenufaika ni mtu asiye na mtetezi, usiku, katika chumba cha polisi.

Lakini hatuwezi kuisoma nusu tu ya kumbukumbu. Mwaka huohuo Obama aliongoza kamati ya afya, nayo ikapokea muswada wa kuwalinda watoto wanaozaliwa hai baada ya jaribio la kutoa mimba. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria iliyokuwapo ilitosha, na kwamba muswada ungeingilia haki ya kutoa mimba. Hoja hiyo tumeipima kwa haki, na hatuikubali hata kidogo: mtoto huyo naye hana mtetezi chumbani. Kamati iliukataa Machi 2003, yeye akiwa miongoni mwa waliopiga kura ya hapana. Sheria ya mahojiano ilitiwa saini Julai.