Funga na Fungua: Sarufi Niliyofundishwa Gereji

Kwa miaka mingi nilisimama ubaoni nikifundisha kauli ya kutendua kwa mifano ile ile: ziba na zibua, kunja na kunjua, funga na fungua. Sikudhani kwamba jozi hiyo ya mwisho ingekuja kunigharimu fyuzi mbili na sehemu ya heshima yangu. Nasimulia kisa hiki kwa kuwa kinagusa swali linalorudi kila mara tunapojadili istilahi: neno la kazi litungwe wapi, na nani alipime?

Gari langu ni mtumba kutoka Japani, kama yalivyo mengi katika barabara zetu. Milango yake minne ina vitasa vya umeme. Dereva akibonyeza swichi ya mlangoni kwake, yote hujifunga kwa pamoja. Lililokosekana ni rimoti. Nikanunua kisanduku cha kuongezea: rimoti mbili, fungu la nyaya za rangi, na karatasi moja ya maelezo kwa Kiingereza. Nikakipeleka gereji, hapa Tanga, kwa kijana ninayemwamini.

"Shikamoo, Mwalimu. Wewe nisomee karatasi, mimi nitafunga."

"Marahaba, mwanangu."

Karatasi ilionyesha njia tatu za kuunganisha, kila moja kwa aina yake ya gari. Nikasoma kwa sauti ya darasani, nikitafsiri neno kwa neno. Nilipofika penye maelezo ya njia ya tatu, nikatamka kwa uhakika: "Nyaya za swichi hupumzika ardhini."

Kijana akaniuliza, "Ardhini ndiyo ethi?"

Nikamjibu kwamba ndiyo. "Basi ni ile ya swichi kutoa moto," akasema, yaani njia ya pili. Sikumpinga, kwa sababu nilikuwa nimetafsiri jambo nisilolielewa. Akaunga nyaya za kisanduku ubavuni mwa nyaya za swichi bila kukata chochote. Nilipobonyeza rimoti, fyuzi ikakatika. Tukaweka nyingine, nayo ikakatika.

Ndipo fundi mkubwa wa gereji, mzee wa rika langu, alipokuja na testa. Akagusa waya mmoja, kisha wa pili, akaniita nisogee.

"Tazama, Mwalimu. Swichi haijaguswa, waya zote mbili zimelala ethi. Bonyeza funga: huyu anaamka na moto, mwenzake bado kalala. Bonyeza fungua: wanabadilishana. Mota ni ile ile, ila moto umegeuka njia. Sasa nyinyi mmemletea moto mtu aliyelala ethi. Fyuzi itapona wapi?"

Nilielewa papo hapo. Ndani ya kitasa mna mota ndogo yenye nyaya mbili. Umeme ukipita upande mmoja, mota husukuma kitasa kikafunga. Ukigeuzwa, mota ile ile hukivuta kikafungua. Hakuna mota ya kufunga na nyingine ya kufungua, kama ambavyo katika Kiswahili hakuna mzizi wa kufunga na mwingine wa kufungua. Mzizi ni mmoja, na kiambishi hugeuza mwelekeo wa tendo. Kauli niliyoifundisha maisha yangu yote ilikuwa imefichwa mlangoni mwa gari langu, na nilikaribia kuiunguza. Laiti kisanduku kisingekuwa na fyuzi, waya ungeungua ndani ya mlango, na pengine gari zima pamoja nao.

Hoja yangu ni hii. Tafsiri yangu haikuwa na kosa la kamusi. Ardhi ni ardhi, na kupumzika ni kupumzika. Lakini haikumwambia fundi afanye nini. Kauli ya yule mzee, kwamba waya "umelala ethi" kisha "unaamka na moto", inaeleza hali mbili za waya na mpito kati yake kwa vitenzi ambavyo mtoto wa miaka mitano anavijua. Fundi akisikia "umelala ethi" anajua kwamba hapo hapaungwi ubavuni. Sharti waya ukatwe. Istilahi inayomwongoza mtu hivyo ndiyo istilahi kamili, hata kama haijachapwa popote.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili cha gereji ni Kiingereza kilichovunjika: ethi, rilei, testa, senta loki. Nami niliwahi kusema hivyo mbele ya wanachuo. Lakini kufuli tumelipata kwa Waarabu, na gari lenyewe limetoka Uhindini, na hakuna mshairi anayeona haya kuyatumia katika mizani. Nomino husafiri na bidhaa. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za majahazi. Pa kutazama ni kitenzi. Maadamu fundi anasema umelala, umeamka, chomeka, chomoa, geuza, basi sentensi yake ni ya Kiswahili tangu msingi hadi paa.

Sisemi kwamba kazi ya wataalamu ni bure. Bila kamusi, fundi wa Tanga na fundi wa Mombasa wataitana kwa ishara. Ninachosema ni kwamba neno likishatungwa mezani lipelekwe likapimwe kwa testa kabla ya kusanifishwa. Nasi tunaojiita watunzi tuna deni. Vijana wengi wa gereji waliacha shule baada ya darasa la saba, walikosomea kwa Kiswahili. Karatasi wanazopewa kazini ni za Kiingereza. Tunashindana kwa vina na mizani, huku mwenzetu akikisia rangi ya waya.

Kwa hiyo nimelipa sehemu ya deni langu. Nimeandika ukurasa mmoja, na kiini chake ni hiki:

"Pima kwanza nyaya mbili za swichi kwa testa. Zikiwa zimelala ethi zote mbili, na moto ukaja kwenye mmoja unapofunga na kwenye wa pili unapofungua, usiunge ubavuni. Chomoa hasi ya betri, kisha kata kila waya katikati. Kila rilei ya kisanduku ina nyaya tatu. Waya wa kati wa rilei uunge na kipande kiendacho kwenye mota. Waya unaogusana nao rilei ikiwa imelala, uunge na kipande kitokacho kwenye swichi. Waya unaogusana nao rilei ikiamka, upe moto uliopitia fyuzi. Hivyo swichi ya zamani itafanya kazi kama kawaida, na rimoti itafanya yake."

Kijana aliusoma peke yake, bila mimi kumtafsiria, akafunga kazi kwa muda mfupi. Nilipobonyeza rimoti, milango minne ikajifunga. Nikabonyeza tena, ikajifungua.

Kisha nikampelekea yule mzee ukurasa wangu ausahihishe. Palipoandikwa ethi, nilikuwa nimeongeza pembeni neno ardhi, kwa ajili ya usanifu. Akaomba kalamu, akalikata neno hilo kwa mstari mmoja, akanirudishia karatasi. Sijalirudisha.