Kabla ya kumnunulia mwanao gitaa la zamani, lifungue kwanza

Kijana wa kidato cha pili amejifunza gitaa kwa miaka miwili, kwa kuazima lile la kwaya kila Jumamosi. Baba yake ameona bidii hiyo na ameweka akiba. Siku moja anapigiwa simu: kuna mtu anauza Fender Stratocaster aliyoachiwa na marehemu mjomba wake, mpiga muziki wa dansi.

“Hii ni ya mwaka 1964, mzee. Tazama namba hapa nyuma, inaanza na L.”

Bei anayotaja inakaribia ada ya shule ya miaka kadhaa. Kijana ameshalishika gitaa na halitoki mikononi. Mzazi afanye nini?

Mfano huu unaweza kumkuta mzazi yeyote mwenye mtoto anayependa muziki. Jibu lake ni fupi: namba peke yake haithibitishi umri wa gitaa.

Kwa nini mwaka una bei

Stratocaster ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954. Januari 1965 kampuni ya Fender ilinunuliwa na shirika la CBS, na wapenzi wengi wa magitaa huthamini zaidi yale yaliyotengenezwa kabla ya hapo. Ndiyo maana gitaa la 1964 na la miaka michache baadaye yanaweza kufanana sana machoni, lakini bei zikapishana mno. Muuzaji akitaja mwaka huo, mzazi ajue kwamba analipia mwaka pamoja na gitaa.

Namba inasema nini

Kwa Stratocaster nyingi za kabla ya 1976, namba imegongwa kwenye bamba la chuma nyuma ya kiwiliwili, pale shingo inapofungwa. Bamba hilo hushikiliwa na skrubu tu. Mtu mwenye bisibisi anaweza kulihamisha kutoka gitaa moja kwenda jingine kwa dakika chache, na mabamba ya kuiga yapo sokoni. Hata kiwandani mabamba hayakufungwa kwa kufuata mpangilio wa namba, kwa hiyo namba ya kweli nayo hutoa makadirio tu.

Kuanzia 1976 namba ilihamia kwenye kichwa cha gitaa. Herufi S ilisimama kwa miaka ya 1970, E miaka ya 1980, na N miaka ya 1990. Hivyo N7 huashiria mwaka 1997. Herufi MN ni za magitaa yaliyotengenezwa Mexico miaka ya 1990.

Gibson wana utaratibu wao. Tangu 1977 magitaa yao mengi yana namba ya tarakimu nane. Ya kwanza na ya tano hutoa mwaka, na tatu zilizo katikati yake hutoa siku ya mwaka. Namba 80123456 husomeka hivi: 8 na 3 ni 1983, na 012 ni siku ya kumi na mbili, yaani Januari 12. Namba za Gibson za miaka ya 1960 ni ngumu zaidi, kwa kuwa zipo zilizorudiwa katika miaka tofauti.

Tumia macho kabla ya bisibisi

Tazama kichwa cha gitaa. Stratocaster za mwanzo zilikuwa na kichwa kidogo. Kichwa kikubwa kilianza mwishoni mwa 1965 na kiliendelea hadi miaka ya mwanzo ya 1980. Kisha geuza nyuma uhesabu skrubu za shingo. Nne ni za kawaida, lakini kati ya 1971 na 1981 Stratocaster nyingi zilifungwa kwa tatu. Gitaa lenye kichwa kikubwa na skrubu tatu haliwezi kuwa la 1964, hata muuzaji aape.

Lakini gitaa likipita hapo, usitoe pesa bado. Mwaka 1982 Fender walianza kutengeneza upya Stratocaster kwa sura ya zile za 1957 na 1962. Ni magitaa halali na mazuri. Likichakaa kwa miaka arobaini na kubadilishwa bamba, linaweza kupita kama babu yake.

Ndani ndiko kwenye ushahidi

Mwombe muuzaji ruhusa ya kulifungua, mbele yake, na fundi wa magitaa akiwepo. Shingo ikitolewa, tazama kitako chake. Kwa miaka mingi Fender waliandika tarehe hapo kwa penseli au kugonga muhuri.

Kisha fundi afungue plastiki ya mbele. Chini ya vile vitufe vya kuzungusha sauti kuna vidude vya umeme vyenye namba. Chukua 1376633. Tarakimu 137 ni mtengenezaji, kampuni ya CTS. 66 ni mwaka 1966. 33 ni wiki ya 33. Gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko vidude lilivyozaliwa navyo. Linaweza kuwa dogo kwao, maana kiwanda kilinunua vingi na kuvitumia kwa miaka. Tazama pia lehemu: ikiwa mpya na inang’aa, huenda kidude kilibadilishwa.

Kanuni ni moja. Bamba, shingo na vidude lazima vikubaliane. Visipokubaliana, kipande kipya zaidi ambacho hakijawahi kubadilishwa ndicho kinachosema kweli.

Tukirudi kwa yule baba

Fundi anafungua. Shingo haina tarehe inayosomeka. Vidude vina namba inayoanza na 13784: CTS, mwaka 1984. Lehemu ni ya zamani, haijaguswa. Bamba linasema 1964, tumbo linasema miaka ishirini baadaye.

Hapa mzazi asipandishe sauti. Huenda muuzaji naye aliambiwa hivyo na mjomba, na mjomba aliambiwa na aliyemuuzia. Inatosha kumwonyesha namba na kusema, “Ndugu yangu, kwa bei ya 1964 sitaweza. Kwa bei ya gitaa la 1984, tuzungumze.” Akikataa, aondoke na akiba yake. Na muuzaji yeyote anayekataa kabisa gitaa lifunguliwe ameshajibu swali.

Jambo la mwisho ni la mtoto mwenyewe. Umri haumsaidii kujifunza. Kinachomsaidia ni shingo iliyonyooka, vyuma vya shingoni visivyolika, nyuzi zisizokaa juu mno zikamuumiza vidole, na sauti isiyokatika kitufe kinapozungushwa. Gitaa jipya la bei nafuu lenye hayo manne litamfaa kuliko la kale linalodai fundi kila mwezi.

Mchukue mwanao siku ya kulifungua. Akilipata au akilikosa, atakuwa amemwona mzazi wake akiuliza kwanza na kulipa baadaye.