Mvuke ni Halali, Je, na Mkopo?



Himdi zote anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu wasomaji, vijana wetu wa vyuo hutuuliza mara kwa mara: je, inafaa kununua hisa za kampuni inayozalisha umeme kwa joto la ardhi? Haiuzi pombe wala haichezeshi kamari. Inauza umeme, na umeme ni neema. Basi shaka inatoka wapi? Sisi tunaona swali hili lina pande mbili: kile kinachouzwa, na fedha zinazoendesha biashara yenyewe. Wengi wetu hutazama upande wa kwanza tu.

Tuchukue mfano wa Kenya. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, kampuni ya KenGen huchimba visima virefu, vingine kufikia mita 3,000, ambako joto hupita nyuzi 300. Mvuke unaotoka huzungusha mitambo, nayo ikazalisha umeme. Kazi ilianza mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15. Mwaka 2014 ziliongezwa megawati 280, na leo joto la ardhi ndilo chanzo kikubwa cha umeme wa nchi hiyo. Kwa upande huu hatuoni tatizo. Joto aliliweka Allah chini ya ardhi, na kulitumia kwa manufaa ya watu ni kazi njema.

Mwaka 2006 Serikali ya Kenya iliuza asilimia 30 ya hisa za kampuni hiyo kwa umma, kila hisa kwa shilingi 11.90. Watu walijipanga foleni, na maombi yakawa zaidi ya mara tatu ya hisa zilizokuwapo. Bei ikapanda kwa kasi, kisha miaka iliyofuata ikaporomoka. Mwaka 2016 kampuni ilipotoa hisa mpya kwa wenye hisa wake, iliziuza kwa shilingi 6.55. Aliyenunua kwa pupa alionja hasara.

Hasara hiyo haiifanyi biashara kuwa mbaya. Mwaka 1824 mhandisi Mfaransa Sadi Carnot alionyesha kwamba hakuna mtambo uwezao kugeuza joto lote kuwa kazi. Lazima sehemu yake ipotelee upande wa baridi. Na sheria yetu inamtaka mwenye kutaka faida akubali kubeba hasara. Mwenye hisa ni mshirika: kampuni ikipata anapata, ikikosa anakosa.

Riba ndiyo inayokataa kanuni hii. Mwaka 2009 KenGen hiyo hiyo ilitoa hatifungani za miaka 10 kwa riba ya asilimia 12.5 kwa mwaka, ikakusanya shilingi bilioni 25. Mwenye hatifungani analipwa riba yake, visima vitoe mvuke visitoe. Hiyo ndiyo riba iliyoharimishwa katika Suratul-Baqarah, hata kama fedha imejenga kitu chenye manufaa. Hapa hatuoni nafasi ya mjadala.

Hisa ndizo zenye mjadala. Mwaka 1992, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilisema kwamba asili ni haramu kununua hisa za kampuni ambayo wakati mwingine hushughulika na riba, hata kama kazi yake kuu ni halali. Shirika la AAOIFI la Bahrain liliweka nafasi kwa masharti: mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya hisa zote sokoni, mapato ya haramu yasizidi asilimia 5, na mwenye hisa atoe sadaka ile sehemu isiyo safi. Sasa tazameni: kwa miaka mingi mikopo ya KenGen imekuwa mikubwa kuliko thamani ya hisa zake zote sokoni. Hata kwa kipimo chepesi, kampuni haikupita.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: Muislamu asinunue hisa kwa kutazama jina la biashara tu. Afungue taarifa ya mwaka ya kampuni, atafute mikopo, riba iliyolipwa na riba iliyopokelewa, kisha apige hesabu na kuwauliza wenye elimu. Wanafunzi wetu wa uhasibu wanaweza kuzifanyia familia zao kazi hii kwa jioni moja.

Wapo watakaosema: mkikataa kila kitu, Waislamu watabaki maskini na miradi mikubwa itamilikiwa na wengine. Hofu hii ni ya kweli, wala hatuibezi. Lakini dawa yake ni kudai mlango wa halali. Mwaka 2017 huko Malaysia, mradi wa umeme wa jua wa Tadau katika jimbo la Sabah uligharimiwa kwa sukuk. Kenya nayo mwaka 2023 ilipata sukuk yake ya kwanza, ya Linzi, kwa ajili ya nyumba. Ikiwa nyumba zimewezekana, kwa nini visima vya mvuke visiwezekane? Maimamu, wafanyabiashara na wenye hisa wetu walipeleke ombi hilo kwa makampuni na serikali za eneo letu, kwa maandishi na kwa subira. Kunyamaza, kisha kulalamika kwamba tumeachwa nyuma, si uadilifu.

Tunamuomba Allah atutosheleze kwa halali Yake, atuepushe na haramu Yake, na awabariki vijana wetu katika elimu na chumo lao. Aamiyn.

Wallaahu A'lam.