Kabla ya MRI, nani amekugusa mgongo?

Leo naongelea mgongo, na najua wenye miaka ishirini na kitu mtasema hayo ni mambo ya wazee. Ngojeni kwanza.

Binamu yangu ni wa boda kule Nkubu. Mwaka jana mgongo ulianza kumsumbua, akaenda kliniki moja ya kibinafsi. Aliyemhudumia hakumwambia hata avue koti. Alimuuliza inauma wapi, akaandika karatasi: MRI. Tukafungua grupu ya WhatsApp, tukachanga, na mjomba akauza mbuzi wawili. Majibu yakarudi: diski mbili za mgongo zimechomoza kidogo. Jamaa akasoma hiyo karatasi akajiona kwenye kiti cha magurudumu. Akaegesha pikipiki miezi miwili. Mkopo wa pikipiki haukuegeshwa.

Alipokuja kwangu Embu, nilimpeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Huyo mama alimlaza chali, akainua miguu yake mmoja mmoja ikiwa imenyooka. Akamgonga chini ya goti kwa kanyundo. Akamwambia atembee kwa visigino, halafu kwa vidole. Akampapasa ngozi ya miguu akiuliza kama kuna mahali pamekufa ganzi. Dakika kumi hivi. Kisha akamwambia: "Mishipa yako ya fahamu iko sawa, kijana wangu. Fanya haya mazoezi, urudi kazini pole pole."

Nilikasirika, lakini si kwa sababu ya mbuzi. Zile dakika kumi zingefanyika mwanzo, binamu yangu hangelala miezi miwili akiogopa mwili wake mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu: picha ni jibu. Kama hakuna mtu ameuliza swali, umenunua jibu la nini?

Mwaka 2015, watafiti walikusanya tafiti 33 kuhusu watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye miaka 20, karibu 30 kwa kila 100 walikuwa na diski zilizochomoza. Wenye miaka 80, ilikuwa 84 kwa 100. Na hawa ni watu walikuwa wanatembea zao bila shida! Diski kuchomoza mara nyingi ni kama mvi, iko tu. Na maumivu mengi ya kawaida ya mgongo hupoa ndani ya wiki chache.

Halafu kila kipimo kina kazi yake. Eksirei inaona mfupa, haionyeshi diski wala mshipa wa fahamu. Ultrasaundi inaweza kuona maji kwenye goti na kano iliyochanika. MRI inaona diski, mishipa ya fahamu na nyama laini. Vidole vikiingia ganzi kila usiku, kinachoweza kusaidia ni kile kipimo cha kupitisha umeme kidogo kwenye mshipa wa mkono. Na ukianguka na boda ukatua kwa kiganja, kuna kamfupa karibu na kidole gumba ambako kakivunjika kanaweza kukosa kuonekana siku ya kwanza. Kama bado panauma, rudi upigwe eksirei tena baada ya siku 10 hadi 14.

Najua kuna mtu ataniambia: "Kwa hivyo unataka watu wakae na ugonjwa ndio waokoe doo?" Hapana. Mguu ukipoteza nguvu, ukishindwa kukojoa ama haja ikitoka bila wewe kujua, sehemu za siri zikifa ganzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje mchango. Ukianguka kutoka kwa mti wa miraa, usijikaze kiume. Na maumivu yakija na homa, jasho la usiku na kukonda, usiseme ni kiti kibaya, kwa sababu TB hushika hata uti wa mgongo. Hawa ndio picha iliwekewa. Na hawa ndio hukosa pesa, kwa sababu zimeishia kwa mgongo kama wa binamu yangu.

Viongozi nao wanapenda kukata utepe mbele ya mashine. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza kukodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti zote 47, Meru na Embu zikiwemo. Baadaye ikaonekana kuna vifaa vilikaa tu kwenye hospitali kadhaa nchini, kwa kukosa wafanyakazi, umeme au maji. Mimi nitashangilia siku kaunti itaajiri watu wa fizio wa kutosha na madaktari wa kusoma hizo picha, hata kama hakuna utepe wa kukata.

Kwa sasa, ukipewa karatasi ya kipimo, uliza kwa heshima: Daktari, unatafuta nini? Ukikipata, matibabu yangu yatabadilika? Na nikingoja wiki chache, kuna hatari gani?

Daktari mzuri hatakasirika. Atajibu, na pengine atakwambia uvue koti.

Binamu yangu amerudi barabarani. Karatasi ya MRI iko juu ya kabati, na mjomba bado anauliza mbuzi wake walienda kununua nini.