Kiatu cha kamba chini ya buibui: ni cha kiume kweli?



Leo tuzungumzie viatu. Si vya harusi wala kandambili za uani. Tunakusudia viatu vya ngozi vya kamba na moka, vyenye kisigino kifupi na ncha iliyong'arishwa kwa kiwi, ambavyo tumezoea kuviona miguuni mwa baba zetu. Siku hizi vinatengenezwa kwa saizi za wanawake, na dada zetu wanavivaa chini ya buibui wakienda kazini. Kila vinapopita, maneno hufuata.

Sisi tunaoshona mabuibui maneno hayo tunayasikia mapema, kwa sababu mteja anayekuja kupima huja na kiatu chake. Fundi hakati pindo bila ya kujua kisigino. Buibui lililopimwa kwa kisigino cha inchi tatu, likivaliwa na kiatu bapa, huburura chini na kuzoa uchafu wote wa Darajani. Basi kiatu hutolewa mkobani, kikawekwa sakafuni, na hapo hapo waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu huanza kutoa fatwa.

Bi mkubwa atasema, "Mwanangu, hivyo si viatu vya baba yako?" Mwalimu wa skuli atajibu, "Bi mkubwa, nasimama darasani tokea saa moja asubuhi. Hivi ndivyo vinavyonibeba." Muuguzi ataunga mkono, maana wodini kitu chochote chaweza kumwangukia mtu mguuni na kiatu cha wazi hakimkingi. Msichana wa pembeni atasema yeye anavipenda tu, basi. Na hakosekani mmoja atakayesema kwa sauti ya chini kwamba mwanamke anayejifananisha na wanaume amelaaniwa. Neno hilo likishatoka, benchi zima hunyamaza.

Hapo ndipo tunapotaka tusimame kidogo, kwa sababu laana si neno la kurushiana kama pipi za harusini.

Tuanze kwa kukiri lililo kweli. Hadithi ya kukatazwa wanaume kujifananisha na wanawake, na wanawake kujifananisha na wanaume, ni sahihi, na imo katika Bukhari. Tena Abu Daud amepokea kwamba Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliulizwa juu ya mwanamke anayevaa viatu vya kiume, naye akajibu kwa kutaja laana ya Mtume, sala na salamu ziwe juu yake, kwa mwanamke anayejifanya mwanamume. Kwa hivyo bi mkubwa wetu hakuzua jambo. Ana asili ya kusemea, na anastahiki kusikilizwa kwa adabu.

Lakini wanavyuoni hawakuishia hapo. Waliuliza: kujifananisha ni kupi? Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 852 Hijria, katika sherehe yake ya Bukhari ameeleza kwamba sura ya mavazi huenda kwa ada ya kila nchi, na ziko jamii ambazo nguo za wake na waume hazikutofautiana, bali mwanamke hutambulikana kwa stara yake. Basi suali letu la haki ni hili: hapa kwetu, kwa zama zetu, mtu akiuona mguu huo umetoka chini ya buibui, atadhani ni mwanamume anayepita? Hatudhani kama yuko atakayesema ndiyo.

Ada nazo huhama. Kisigino kirefu, ambacho leo hakuna asiyekiita cha kike, kilikuwa cha wapanda farasi wa Uajemi, kikiwasaidia kushika kikuku cha tandiko. Katika miaka ya 1600 mabwana wa Ulaya walikichukua, na Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alijulikana kwa visigino vyake vyekundu. Mwambie leo kijana wa Mwanakwerekwe avae kisigino chekundu aende sokoni! Na hapa hapa Unguja, mabibi zetu wa zamani walivaa suruali za marinda ndani ya nguo zao, na hatujasikia kwamba waliitwa wanaume. Ikiwa kisigino kilihama kutoka kwa waume hadi kwa wake, kamba ya kiatu nayo yaweza kuhama.

Kuna la stara pia, na hili husahaulika sana. Wengi wetu visiwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwa madhehebu hayo mguu wa mwanamke ni katika vya kusitiriwa mbele ya wanaume wasio maharimu wake. Kiatu cha ngozi kilichofunga, na soksi ndani yake, kinasitiri kuliko ndara yenye kito inayoacha vidole vyote nje, na ndara hiyo hatujasikia ikiitwa laana hata siku moja. Na katika Sura ya Nnur wanawake wametakiwa wasipige miguu yao ili yajulikane mapambo waliyoyaficha. Sasa tusikilize wenyewe: baina ya kisigino kinacholia ko ko ko kwenye sakafu ya ofisi mpaka kila kichwa kigeuke, na soli ya mpira inayopita kimya, kipi kiko karibu zaidi na haya?

Hatusemi kwamba hakuna mpaka. Mwenye kuvaa suruali, shati na viatu akakusudia aonekane mwanamume na achukuliwe kama mwanamume, huyo katazo linamhusu, na kwake kiatu ndicho kidogo kuliko yote. Pia hatushauri kwenda kununua kiatu cha mwanamume chenyewe kwa kuwa ni cha bei nafuu. Kwanza, shaka yote inakwisha ukinunua kilichotengenezwa kwa mwanamke. Pili, kisigino cha mguu wa kike aghlabu ni chembamba kuliko cha kiume, hivyo kiatu cha kiume humchezea mtu mguuni, kikamtoa malengelenge kabla ya adhuhuri.

Lakini kwa dada anayesimama siku nzima kutafuta riziki ya halali, tunaona hana kosa. Tunao wateja waliorudi kwenye visigino virefu kwa kuogopa maneno tu. Jioni unawaona kwenye daladala wamevivua, viatu mkononi, miguu imevimba. Hakuna ibada iliyozidi hapo, na hakuna haya iliyoongezeka. Kilichoongezeka ni maumivu, na kinyongo kwa wale wanaosema kwa jina la dini.

La ajabu ni kwamba tunagombana juu ya sura ya kiatu, na lililo zito zaidi limo ndani yake. Viatu vingi vya kutoka nje, vipya na vya mitumba, huwa na bitana ya ngozi ya nguruwe, kwa sababu ni laini na rahisi. Kwa Shafi ngozi hiyo haitohariki kwa kudabighiwa, tofauti na ya ng'ombe au mbuzi, na mguu wenye jasho ukiigusa najisi inahamia. Kabla ya kulipa, funua ulimi wa kiatu utazame kwenye mwangaza. Ngozi ya nguruwe ina vitundu vya vinyweleo vilivyokaa vitatu vitatu, kama mafiga. Ukiviona, rudisha kiatu. Huu ndio uchunguzi tungependa kuusikia kwenye benchi letu.

Na kwa atakayenunua, tuongeze machache ya kazi. Tazama soli: iliyoshonwa hudumu, iliyogandishwa kwa gundi tu hufunguka kwa mvua za masika. Kama unasali kazini, moka ni wepesi zaidi kuliko kamba, maana kila ukienda kutia udhu utakuwa unafungua na kufunga huku wenzio wameshasimama safu. Kwa unyevu wa visiwani ngozi huota kuvu kabatini, kwa hivyo kitie karatasi ndani, kikaushe kivulini na si juani, na kipake kiwi hata wiki ambayo hukukivaa. Na ukija kupima buibui, njoo nacho. Usiseme "nitavaa chochote" kisha pindo likamlaumu fundi.

Bi mkubwa asiyevipenda asivivae, na akimnasihi mwanawe amnasihi wakiwa wawili, si mbele ya benchi zima. Msichana naye asimjibu kwa kejeli, kwani bibi huyo anachunga alichofundishwa chuoni. Mwenye mume ambaye moyo wake umekataa, wazungumze nyumbani kwa wema, na aulizwe mwanachuoni mwenye elimu, si jirani. Lakini neno laana tuliache mahali lilipowekwa. Mwanamke aliyejisitiri, aliyesali alfajiri yake na akatoka kutafuta chakula cha watoto, hatuoni vipi mafundi na wateja tupate ujasiri wa kumtoa katika rehema ya Allah kwa sababu ya kamba mbili za kiatu.

Hayo ndiyo tunayoyaona sisi, na Allah ndiye Mjuzi zaidi. Atujaalie stara ya nje na ya ndani, na ndimi zinazojenga.