Kofia ya marehemu isalimishwe wapi?

NYANDA ZA JUU
Na Ambakisye Mwalwisi

Juni ikiingia, mteja wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, haulizi koti limetoka jeshi gani. Analipima uzito kwa mkono, anavuta zipu, anataja bei. Mwenye wasiwasi ni muuzaji. Belo la mitumba likifunguliwa na koti la mabakamabaka likachomoza katikati ya yale meusi na ya buluu, analisokomeza chini ya meza na kuendelea kupanga. Ukimuuliza, atakwambia ni la mjomba wake.

Hana kosa kuogopa. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku 7 kwa raia wenye sare za jeshi, au nguo zinazofanana nazo, wazisalimishe. Na Kanuni ya Adhabu tangu zamani inamkataza raia kuvaa si sare tu, bali hata vazi lenye sura ya sare. Mimi sina ugomvi na katazo hilo. Mtu aliyevaa kombati akigonga mlango saa nane za usiku huko Chunya, mwenye nyumba hana ubavu wa kumdai kitambulisho. Wenzetu wa Uganda walikwenda mbali zaidi mwaka 2019, wakaiweka hata bereti nyekundu kwenye orodha ya mavazi ya jeshi, wakati ndiyo kofia ya wafuasi wa mwanasiasa wa upinzani, Bobi Wine. Hiyo ni siasa, tuiache.

Ugomvi wangu ni mwembamba. Mbele ya tangazo la namna ile, koti lililoshuka na belo juzi na kofia aliyorudi nayo marehemu kutoka vitani ni kitu kimoja. Vyote vinaambiwa: salimisha. Hakuna anayeuliza kilichosalimishwa ni nini.

Hilo koti la belo linajieleza lenyewe. Geuza mfuko wa ndani utafute lebo. Nguo za majeshi ya NATO hubeba namba ya tarakimu 13, na tarakimu ya 5 na ya 6 ndizo zinazotaja nchi: 12 ni Ujerumani, 14 Ufaransa, 99 Uingereza, 00 au 01 Marekani. Lebo za Kimarekani za miaka ya 1960 na 1970 zina namba ya mkataba inayoanza na DSA 100, kisha tarakimu mbili za mwaka. Ukikuta 68, ujue vazi hilo liliagizwa vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto. Ukiambiwa koti la madoadoa ya Kijerumani yaitwayo Flecktarn ni la enzi za Hitler, cheka, kwa sababu wanajeshi wa Ujerumani walianza kugawiwa madoa hayo kwa wingi kwenye miaka ya 1990.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya nguo hizi kwa bei ya kushtua, na penye bei hapakosi waghushi. Kwa hiyo wakusanyaji wamekuwa wapelelezi. Wanasoma jina la kiwanda kwenye zipu. Wanaangalia ufumaji wa kitambaa na rangi ya upande wa nyuma. Wanamulika mshono kwa taa ileile ambayo wahasibu wetu hukagulia noti bandia: uzi wa sintetiki wa siku hizi mara nyingi hung'aa, pamba ya zamani hubaki kimya. Lakini pamba hiyo ikishafuliwa kwa sabuni ya unga ya kisasa, nayo inang'aa, na hapo kipimo kimekufa.

Sasa njoo Kilolo, mkoani Iringa. Baada ya lile tangazo, mama mmoja mjane aliniuliza, "Mwanangu, hii kofia ya baba yenu niichome?" Mumewe alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo, mmoja wa maelfu waliobebwa kutoka vijijini baada ya Idi Amin kuvamia Oktoba 1978. Kofia yenyewe ni ya kitambaa, kijani kilichopauka, haina lebo, haina namba. Mkusanyaji wa Ulaya angeipita bila kugeuka. Lakini mama anajua aliivaa nani, alirudi nayo lini, na kwa nini ukingo wake umeungua upande mmoja. Nilimwambia asiichome. Aliponiuliza aipeleke wapi, nikakwama.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Nguo za vita za kwetu ni chache mno zenye lebo ya kuzitetea. Ushahidi wake uko kwa watu, na watu hao wanaondoka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, leo amevuka 65.

Mfano mzuri kuliko yote unatoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Meli za Waingereza zilipoziba pwani, jeshi la Wajerumani humu nchini liliishiwa nguo. Pamba ikasokotwa na kufumwa humuhumu. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, ameandika katika kumbukumbu zake kwamba rangi iliyofaa kuliko zote ilitoka kwenye mizizi ya mti aliouita ndaa: kahawia yenye umanjano, isiyoonekana kwa urahisi kwenye nyasi wala vichakani. Wasuka mikeka bila shaka wameshautambua, ni mdaa. Kwa hiyo askari wa hapa walivaa vazi la kujificha lililotiwa rangi ya mti wa hapa, tena wakati ambao Wafaransa walikuwa ndio kwanza wanawaajiri wachoraji wapake mizinga yao mabaka. Kipande cha shati hilo kikitokea leo kwenye sanduku la ukoo mmoja hapa Iringa, ambako majeshi hayo yalipita na kupigana mwaka 1916, nani atakitambua? Hakina hata doa moja la kumshtua mtu. Kitaonekana tambara la kahawia lenye uzi usiolingana, na kitadekia sakafu.

Kinyume chake, lebo na mabaka vinaweza kuwa halali kabisa na bado vikadanganya. Huko Kilolo ndiko ilikokuwa kambi ya Mgagao, walikofunzwa wapiganaji wa Zimbabwe. Azimio la Mgagao la 1975, lililomsogeza Robert Mugabe kwenye uongozi wa ZANU, lilitoka kwa wapiganaji wa pale. Upande wa pili, Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa wakati huo, iliunda kikosi cha Selous Scouts mwaka 1973, na kazi yake ilikuwa kujifanya wapigania uhuru: nguo zao, silaha zao, nyimbo zao. Leta leo suruali ya vita vile mbele ya mtaalamu, yenye kitambaa sahihi na vifungo sahihi. Atakwambia ilishonwa wapi. Kwamba ilivaliwa na mkombozi au na aliyekuwa akimwinda, hilo hawezi kulisoma kwenye mshono.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari wazee waliowatumikia Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mamia walijitokeza Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti. Wengine walikuja na vipande vya sare zilizochakaa, na wengi hawakuwa na kitu. Afisa wa benki akampa kila mmoja fagio, akaanza kutoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea, wanasema. Napenda kisa hiki hata kama kimetiwa chumvi, kwa sababu yule afisa alielewa kuwa kitambaa peke yake hakitoshi, akamhoji aliyekivaa.

Gharama ya kuchelewa Iringa tunaijua. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alikufa kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 na kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles ukaagiza kirudishwe. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda Bremen miaka ya 1950, alikuta makumbusho yenye mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ikabidi achague kwa kupima, akilinganisha na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, hadi akafika kwenye lenye tundu la risasi. Likarudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, akakabidhiwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Wako wasomi ambao hadi leo wana mashaka kama ndilo lenyewe. Laiti Wajerumani wangelibandika karatasi moja siku walipolipokea.

Karatasi hiyo moja ndiyo ninayoidai. Tangazo lijalo la jeshi liongeze mstari: mwenye sare ya zamani ya familia aifikishe kwenye makumbusho, ipokelewe mbele ya ofisa wa jeshi, iandikishwe, na mleta asiulizwe kama mhalifu. Iringa ina Makumbusho ya Boma, ndani ya jengo lililoachwa na Wajerumani, na ina Kalenga. Tanzania pia ndiyo mwenyeji wa Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, na sioni urithi ulio karibu zaidi nayo kuliko nguo za Mgagao. Mbeya tuna soko kubwa la makoti ya majeshi ya wenzetu na hatuna kabati hata moja la kuwekea ya wazee wetu. Hilo halmashauri zetu zilijibu.

Wizara zikiwa bado zinaandikiana barua, mama yangu wa Kilolo na wenzake wafanye hivi. Msiifue. Ipigeni picha nje na ndani, karibu na pale palipoungua. Mwandikeni aliyeivaa, kikosi chake, mwaka, aliyeshuhudia. Kama mwenyewe yuko hai, mrekodini akisema kwa sauti yake, maana simu zenu zinatosha. Kisha, kama hofu bado ipo, kaisalimisheni polisi kama mlivyoagizwa. Picha na maandishi vibaki nyumbani. Hivyo hakuna aliyetangaza kuvikataza.